Karatasi yangu ya kuondoka jeshini haionyeshi Afghanistani wala nishani niliyovishwa: nianzie wapi nikiwa Bukavu?

Mwana wa Kadutu (Bukavu) ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Naandika kutoka Bukavu, ambako nimerudi kumtunza mama yangu mgonjwa, na naomba msaada wa yeyote aliyewahi kulifuatilia jambo kama hili hadi mwisho wake. Nilihamishiwa Marekani mwaka 2008 pamoja na wadogo zangu tukitoka kambi ya wakimbizi, nikaingia jeshi la nchi kavu la huko mwaka 2011, nikatumikia miaka minne, nikatoka mwaka 2015 kwa heshima. Tangu Novemba 2012 hadi Agosti 2013, yaani miezi tisa kamili, nilikuwa Afghanistani. Sikwenda na kikosi changu mwenyewe, bali niliazimwa na kombania nyingine iliyopungukiwa madereva. Tuliporudi nilivishwa nishani ya pongezi ya jeshi, ile ambayo askari huiita ARCOM, na kamanda akayasoma maneno yake kwa sauti mbele ya safu nzima.

Sasa tazameni Fomu DD 214, ambayo ndiyo karatasi anayopewa kila askari anapoondoka. Katika kisanduku cha 12, kwenye mstari wa utumishi wa nje ya nchi, pana sufuri tupu: 0000 00 00. Katika kisanduku cha 13, cha nishani, wameandika ile ya ulinzi wa taifa, ile ya vita dhidi ya ugaidi na utepe wa jeshi, basi. Kisanduku cha 18, cha maelezo, hakiitaji Afghanistani hata kwa neno moja. Mtu asiyenijua akiisoma karatasi hiyo ataamini kwamba miaka yangu yote minne niliimaliza ndani ya kambi moja ya Marekani.

Siku ya kutia sahihi sikuisoma. Karani aliniwekea kibao cha kielektroniki, akanionyesha mahali pa kuandika jina, nami nilikuwa na basi la kuwahi. Kasoro niliigundua mwaka 2022, nilipoanza kuomba nitibiwe kifua, nikaulizwa nithibitishe kwamba nilifika Afghanistani, nikabaki mikono mitupu. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo la enzi za Wabelgiji, akapigana hadi Saio, Uhabeshi, mwaka 1941. Alituachia medali moja ndani ya kopo la majani ya chai bila karatasi yoyote, na leo hakuna kati yetu anayeweza kumthibitishia mgeni kwamba medali ile ilikuwa yake. Sitaki watoto wangu nao warithi kopo la namna hiyo.

Kuna mtu hapa mjini anayeniambia kwamba kwa dola 300 atanipatia DD 214 mpya iliyokamilika. Je, jambo hilo linawezekana? Je, ni lazima nisafiri? Na je, sijachelewa?

Mzaliwa wa Himbi (Goma, sasa niko Texas) amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa kifua na pole kwa Mama. Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika jeshi hilo hilo kwa miaka sita, na makosa ya namna hii nimeyaona mengi, hasa kwa askari walioazimwa kama wewe: amri ya safari hubaki kwa kombania iliyokuazima, faili lako hubaki kwa kombania iliyokutoa, na siku ya kuondoka karani huandika tu kile anachokiona ndani ya faili lililo mbele yake. Kwa hiyo sufuri hizo hazina maana kwamba kuna aliyekukana. Maana yake ni kwamba karatasi hazikukutana.

Huyo wa dola 300 usimpe hata dola moja. DD 214 haichapwi upya na mtu wa mtaani, na kwa kawaida hata jeshi lenyewe halikupi mpya linapokosoa mambo kama haya. Linatoa Fomu DD 215, ambayo ni karatasi ya masahihisho inayokaa pamoja na ile ya kwanza, na tangu hapo utatakiwa kuzionyesha zote mbili daima. Ombi lenyewe halina ada. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuliandika, vyama vya askari wa zamani kama American Legion, DAV na VFW vinafanya kazi hiyo bure.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopoteza miaka. Kabla ya kujaza fomu yoyote, yagawe madai yako kufuatana na karatasi zilizopo. Ikiwa jambo limekwisha kuandikiwa amri wakati ule, na lililokosekana ni kulihamishia kwenye DD 214 tu, basi hilo ni kosa la ukarani, na ofisi ya watumishi ya tawi lako, ambayo kwa jeshi la nchi kavu iko Fort Knox, Kentucky, inaweza kulirekebisha bila kulipeleka mbele ya bodi yoyote. Ikiwa ofisi hiyo imekataa, au ushahidi unahitaji kupimwa na kuamuliwa, hapo ndipo unapokwenda kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi kwa Fomu DD 149. Bodi humrudisha mtu aliyeiruka njia ya kwanza, nami nimewafahamu watu waliongoja miezi mingi ili waambiwe neno hilo moja tu. Tena kuna nishani ambayo kamanda aliiahidi kwa mdomo na haikupendekezwa kamwe kwa maandishi. Hiyo ni safari nyingine kabisa, inahitaji pendekezo jipya kwenye Fomu DA 638 kutoka kwa mtu aliyekuwa na mamlaka au aliyeshuhudia, na mara nyingi lazima ipitie kwa mbunge wa Bunge la Marekani. Kwa jinsi ulivyoeleza, ya kwako haiko huko, kwa kuwa ulivishwa.

Anza kwa kuomba faili lako. Jaza Fomu SF 180, itie sahihi na tarehe, uitume kwenye hifadhi ya kumbukumbu za watumishi iliyoko St. Louis, Missouri, au uombe kwa intaneti ukiweza kuthibitisha utambulisho wako. Eleza wazi kwamba unataka faili lote la utumishi, si DD 214 peke yake, kwa sababu usipoeleza hivyo utaletewa nakala ya karatasi ile ile unayoilalamikia. Faili likifika, tafuta ndani yake amri ya safari, amri ya nishani na ripoti za tathmini zinazotaja Afghanistani.

Tafuta vilevile taarifa zako za mshahara za miezi ile. Watu huzitupa, nami huumia kila nikisikia hivyo, kwa maana zina nguvu kubwa. Aliyekuwa eneo la vita alilipwa posho ya hatari ya dola 225 kwa mwezi, na mshahara wake haukukatwa kodi ya mapato ya shirikisho, na mambo hayo mawili yanaonekana kwenye taarifa mwezi kwa mwezi. Karatasi ya mshahara iliandikwa wakati ule ule na mtu asiyekuwa na sababu ya kukupendelea, na ndiyo maana wasomaji wa maombi huiamini.

Kuhusu kuchelewa: sheria inatoa miaka mitatu tangu siku ulipoligundua kosa, na bodi inaweza kuhesabu kuanzia siku uliyotia sahihi, ikisema kwamba ulipaswa kuliona siku ile. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu bodi kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki, na kwenye fomu utaulizwa kwa nini wafanye hivyo. Usiandike kwamba hukujua tu. Eleza kwamba uliazimwa, kwamba amri haikufika kwenye faili lako, na kwamba uligundua ulipoomba matibabu. Muda huo ni wa bodi, kwa hiyo usikuzuie kuandikia Fort Knox wiki hii.

Kusafiri si lazima. Bodi huamua kwa kusoma karatasi, na kumwita mtu mbele yake ni jambo la nadra.

Mkaazi wa Bagira (Bukavu) amejibu:

Nimewahi kusikia kwamba faili za askari wa Marekani ziliteketea zote katika moto wa St. Louis. Kama ni kweli, huyu ndugu ataomba faili gani?

Mzaliwa wa Himbi amejibu:

Moto ulikuwepo kweli, tarehe 12 Julai 1973, na uliharibu faili kati ya milioni 16 na 18, ambazo hazikuwa na nakala popote. Lakini zilizoungua ni za waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya mwaka 1912 na mwanzo wa 1960, na sehemu ya zile za jeshi la anga za miaka ya 1947 hadi 1964. Mtu aliyetoka mwaka 2015 hahusiki na moto ule kwa njia yoyote. Akijibiwa na yeyote kwamba faili lake liliungua, aulize swali hilo tena kwa maandishi.

Dada wa Katuba (Lubumbashi) amejibu:

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mimi si askari, lakini kwa miaka miwili nilifuatilia karatasi za marehemu kaka yangu kwa niaba ya mama yetu, na nataka kueleza jambo ambalo ndugu wa Himbi hakuligusa, yaani majina, kwa sababu ndilo lililotusumbua kuliko mengine yote.

Kaka yangu alitumikia jeshi hilo hilo na alifariki kule Marekani bila kuoa. DD 214 yake ilikosa nishani mbili. Aliyekufa husemewa na mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, au baba, mama, mtoto, kaka au dada, kwa hiyo Mama alikuwa na haki ya kuomba, ilimradi aonyeshe uthibitisho wa kifo na uthibitisho kwamba yeye ni mama yake. Hapo ndipo tulipokwama. Ninyi mnajua jinsi tunavyoandikwa hapa Kongo: kwanza jina, halafu jina la pili ambalo kwa Kifaransa cha hapa huitwa postnom, kisha jina la ubatizo mwishoni. Kule kaka yangu aliandikishwa jina la ubatizo mbele, lile la pili likawa la ukoo, na lile tulilomwita nyumbani likageuka kuwa herufi moja katikati. Hati ya kuzaliwa iliyotoka komine ilikuwa na majina yote matatu kwa mpangilio wetu, na herufi moja imebadilika. Aliyelisoma ombi letu aliona watu wawili tofauti, akaturudishia.

Tulichofanya ni hiki. Mama aliandika tamko la ukurasa mmoja akieleza kwamba majina haya na yale ni ya mtoto mmoja, akiyaandika yote mawili kama yalivyo kwenye kila karatasi, bila kusahihisha herufi yoyote. Tukaambatanisha hati ya kuzaliwa, hati ya kifo, na nakala ya karatasi za ukimbizi ambamo majina yalianza kugeuzwa. Kila kilichokuwa kwa Kifaransa kilitafsiriwa kwa Kiingereza chote, hata maneno ya muhuri, na mtafsiri akaandika mwishoni kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili. Ombi la pili halikurudi.

DD 215 ilipofika, Mama aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa karatasi moja tu, upande mmoja namba ya kisanduku, upande wa pili maneno ya kuongeza. Aliniomba nimsomee majina ya zile nishani mara tatu, ingawa hajui Kiingereza. Kwa hiyo, ndugu wa Kadutu, kama kwenye faili lako majina yamepinduliwa, andika maelezo yake mapema, usingoje urudishiwe ombi.

Mwana wa Kadutu amejibu:

Aksanti sana kwenu, na kwako dada pole kwa kaka. Jana nilifungua sanduku la bati ambalo Mama alinitunzia, na chini ya nguo za watoto nimekikuta cheti cha ARCOM. Pini ya kubania imeshika kutu na kuacha doa la rangi ya matofali kwenye kona, lakini maandishi yote yanasomeka, na chini kabisa pana namba ya amri ya kudumu pamoja na tarehe. Ndani ya bahasha hiyo hiyo nimekuta taarifa za mshahara za miezi mitatu, Januari, Februari na Aprili 2013, na posho ya dola 225 imo katika kila moja.

Amri ya safari sina. Sajini wangu wa wakati ule nimempata, naye yuko tayari kuandika ushahidi, ila sasa anaishi Ujerumani na anauliza kama ni lazima aape mbele ya mthibitishaji wa serikali. Swali langu la pili ni kuhusu kifua: je, ningoje DD 215 kwanza ndipo niendelee na ombi la matibabu?

Mzaliwa wa Himbi amejibu:

Ndugu, cheti hicho kimekufikisha mbali. Namba ya amri ya kudumu ndiyo anayoitafuta karani, kwa kuwa nishani isiyo na amri ni maneno tu, na yenye amri ni jambo lililokwisha amuliwa. Kipige picha leo kabla kutu haijasambaa, pande zote mbili, na nakala mpelekee ndugu yako mmoja kule Marekani aitunze. Cheti chenyewe usikitume kokote. Tuma fotokopi.

Sajini wako si lazima aape mbele ya mthibitishaji. Sheria ya shirikisho inakubali tamko lililotiwa sahihi na tarehe, ambamo mwandishi anasema kwamba anatamka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba aliyoyaandika ni ya kweli, na akiwa nje ya Marekani anapaswa kuongeza kwamba ni kwa mujibu wa sheria za Marekani. Lakini mwambie asikusifu. Barua inayosema ulikuwa askari hodari na mwaminifu haimsaidii msomaji hata kidogo. Aandike yeye alikuwa nani na cheo gani, alikuona wapi, tangu lini hadi lini, ulikuwa unaendesha gari la aina gani, mlilala kambi ipi, na amejuaje hayo yote.

Kuhusu matibabu, usingoje hata siku moja. Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani ni ofisi nyingine, na ina wajibu wa kukusaidia kutafuta kumbukumbu za utumishi wako, kwa hiyo wapelekee hizo taarifa za mshahara pamoja na ombi. Tangu sheria ya PACT iliyotiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022, aliyetumikia Afghanistani baada ya tarehe 11 Septemba 2001 anahesabiwa kwamba alivuta moshi wa yale mashimo ya kuchomea takataka za kambi za jeshi, hatakiwi kuuthibitisha moshi wenyewe, na pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi pamoja na mkamba sugu yamo katika orodha ya magonjwa yanayokubaliwa. Unachotakiwa kuthibitisha ni kwamba ulikuwa kule, na ndiyo sababu sufuri zile zinauma kuliko nishani iliyokosekana, ingawa naelewa kwamba moyo wako uko kwenye nishani. Ugonjwa ukikubaliwa kuwa wa utumishi, kuna mpango wa matibabu ya nje ya nchi unaolipia tiba ya ugonjwa huo hata kama unaishi Bukavu, hivyo tunza risiti zote za hospitali.

Dada wa Katuba amejibu:

Naomba niongeze neno moja tu. Kila karatasi unayoituma, andika juu yake namba ya kiambatisho, halafu barua iseme kiambatisho kipi kinathibitisha jambo gani. Ombi letu la kwanza lilikuwa na karatasi 23 zisizo na namba. La pili lilikuwa na 9.

Mwana wa Kadutu amejibu:

Nimeanza kuiandika barua ya Fort Knox usiku huu. Nimeeleza historia yangu yote tangu tulipotoka kambini, na tayari imefika kurasa nne. Je, hiyo ni ndefu mno?

Mzaliwa wa Himbi amejibu:

Ni ndefu mno, ndugu yangu. Kurasa hizo nne watunzie watoto wako, watazihitaji siku moja. Barua ya Fort Knox iwe ukurasa mmoja, na iombe marekebisho matatu, kila moja kwa maneno yale yale unayotaka yasomeke kwenye DD 215.

Kisanduku cha 12, mstari wa utumishi wa nje ya nchi: badala ya 0000 00 00 isomeke 0000 09 00, kama miezi yako tisa ni kamili. Kisanduku cha 13: iongezwe nishani ya pongezi ya jeshi, ukitaja namba ya amri iliyo kwenye cheti, na iongezwe nishani ya kampeni ya Afghanistani pamoja na nyota yake ya kampeni. Kwa hiyo ya pili siku 30 mfululizo ndani ya nchi zinatosha, nawe una miezi. Kisanduku cha 18: paongezwe utumishi wa Afghanistani na tarehe zake, zikiandikwa kwa mpangilio wao, mwaka mbele, mwezi katikati, siku mwishoni, bila nafasi wala nukta: 20121110 hadi 20130809, au tarehe zako halisi kama zinatofautiana na hizo. Usikisie siku. Mwulize sajini, linganisha na taarifa za mshahara, na pale ambapo huna hakika, tuma kwanza SF 180, uingoje amri ya safari itoke kwenye faili kabla hujaitia barua sahihi.